Saa ya Bibi na Rundo la Mawe

Jumatatu, 1 Septemba
Nimeitoa saa kwenye chaji, nimemvalisha Bibi. Kanyoosha mkono huku ananicheka. "Mume wangu, leo tena unanifunga kamba kama mbuzi?" Nikakaza mkanda. Mimi maneno hayanitoki.

Saa aliileta Shangazi kutoka Dar, Bibi alipopotea mara ya pili. Ina laini ndani. Kwenye simu yangu Bibi ni kidoti chekundu. Ukiipigia inajipokea yenyewe, unasikia alipo. Shangazi kasema akipotea tena anamchukua, akakae kwake ndani ya geti. Bibi akifungiwa geti atakufa. Niliishia darasa la tano lakini hilo nalijua.

Saa kumi kaondoka. Nimemfuata kwa nyuma.

Jumatano, 3 Septemba
Ni kule kule. Anakunja kanga, anaifanya ngata, anaiweka kichwani. Juu ya ngata hakuna kitu. Anashika ile njia ya zamani ya wapagazi, kuelekea jua linakotokea. Anatembea shingo imenyooka kama kabeba mzigo mzito. Akifika kwenye rundo la mawe anaokota jiwe, anaweka, anageuka.

Hilo rundo ni la zamani sana. Kila anayepita anaweka jiwe ili safari iwe nyepesi. Siku hizi anayepita ni Bibi tu. Lakini naona linaongezeka haraka kuliko jiwe moja kwa siku. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 5 Septemba
Leo nilichoka. Nilibaki nyumbani Ntalikwa, nikamwangalia kwenye simu. Kidoti kimefika kwenye mawe, kimekaa. Kimekaa sana. Nikapiga.

Nikamsikia Bibi. "Shikamoo." Kimya. "Shikamoo." Kimya. Anaacha nafasi, kama mtu anayeitikiwa marahaba. Nimehesabu mara tisa.

Nilikimbia. Nikamkuta peke yake, anafunga kanga vizuri. Nikamuuliza alikuwa na nani. Kasema, "Wenye mizigo. Wananisubiri mimi tu."

Nimeogopa. Naandika ili hofu iniishe.

Jumapili, 7 Septemba
Babu Ramadhani kafariki alfajiri. Mdogo wake Bibi, wa tumbo moja. Tumeenda wote msibani, upande wa pili wa Ntalikwa. Bibi nikamwacha na wanawake jikoni. Sisi wanaume tukaenda kuzika.

Kaburi lilipokuwa tayari, Mzee Ndahani akarukia ndani. Ni Mgogo, mtani wetu tangu enzi za misafara, ndiyo kazi yake misibani. Akalala chini chali.

"Nyie wapagazi! Huyu simpitishi mpaka nione jogoo!"

Mmoja wetu akamjibu, "Toka humo, Mgogo wewe! Mlituuzia maji njiani, sasa mnatuuzia mpaka udongo?"

Watu wakacheka na machozi yao. Akaahidiwa jogoo, akatoka, tukazika.

Katikati ya dua nilichungulia simu. Kidoti kiko hapo hapo makaburini. Nikasema moyoni, Bibi katufuata, yuko nyuma ya watu. Nikatulia. Nilitulia kabisa. Hilo ndilo linaloniuma.

Watu wakaondoka. Kidoti hakikuondoka. Nimezunguka makaburi yote, hakuna mtu. Nikapiga. Saa ikajipokea. Sauti ilikuwa kama umeweka sikio kwenye mtungi. Hakuna upepo, hakuna ndege. Nikapiga tena. Nikapiga mara ya tatu. Nikatazama chini, nimesimama pembeni ya kaburi la Babu.

Nikamkimbilia Mzee Ndahani. Kabla sijasema kitu akajishika mkono. Mkono mtupu. Asubuhi kule jikoni alimpokonya Bibi saa, akaivaa, akacheza nayo kumtania. Mtani akichukua hunung'uniki, basi wanawake wakacheka tu. Itakuwa ilimfunguka alipolala kaburini.

Bibi hayupo jikoni. Hakuna aliyemwona akitoka.

Nilienda moja kwa moja kwenye mawe. Nilitakiwa kuanzia pale. Ngata yake iko juu ya rundo. Yeye hayupo. Kapita.

Tumetafuta na tochi. Tumerudi bure.

Jumatatu, 8 Septemba
Kapatikana. Yuko hai.

Mrina asali mmoja alimkuta asubuhi porini, mbali sana kwenye njia ile ile. Miguu imechanika. Midomo imekauka. Mrina kampa maji na asali, kamleta kwa baiskeli.

Alinivuta pembeni, akasema usiku alisikia watu wengi wanapita karibu na kambi yake, wanahema kama wamebeba. Kulipokucha akaangalia njia. Nyayo za mtu mmoja tu. Za Bibi.

Shangazi kapiga. Keshajua. Anakuja Jumamosi.

Jumanne, 9 Septemba
Shangazi anataka kaburi lifukuliwe, saa itolewe. Wazee wamekataa. Mzee Ndahani kaja na yule jogoo wake, kampa Bibi. Hakutania hata kidogo. Ndiyo mara ya kwanza namwona hatanii.

Bibi hajaambiwa saa iko wapi. Tumekubaliana hivyo, na mimi sijabanduka kwake tangu arudi. Jioni nikimkanda miguu kasema, "Ramadhani analalamika. Ile saa inamsumbua mkononi."

Niliendelea kumkanda.

"Anasema iliita mara tatu. Hajui amjibu nini huyo mtu."

Mara tatu. Sikumwambia mtu kwamba nilipiga. Hata mmoja.

Jumamosi, 13 Septemba
Shangazi kafika na saa mpya kwenye boksi. Na begi tupu la nguo za Bibi. Nikaongea. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikamwambia saa sitaki, nitatembea naye mwenyewe, kila siku, mpaka nichoke mimi au achoke yeye. Shangazi kalifunga lile boksi. Kasema nijaribu mpaka mvua zianze. Begi kaliacha uvunguni.

Namba ya saa ya zamani nimeifuta.

Saa kumi tumetoka. Bibi hawezi haraka, kanishika bega. Njiani kasimama, kavua kanga ya juu, kaikunja ngata, kaniwekea mimi kichwani. Nikaiacha.

Kwenye mawe nimeokota langu, naye lake. Tumeweka. Bibi kasalimia. Safari hii na mimi nimesalimia, kwa sauti ndogo.

Kisha tukageuka. Shingo inaniuma mpaka sasa.