Fimbo Mbili Uani kwa Baba Mdogo

Baba Mdogo,

Uani kwako hapa Kabeza kumenyamaza. Tangu tukuzike, wanafunzi wako hupita kila Jumamosi kuuliza kama mazoezi yataendelea. Mimi, uliyenifundisha kuliko wote, nawaambia wasubiri. Ukweli ni kwamba nimeshindwa kugonganisha fimbo na mtu mwingine. Nimejaribu peke yangu kulipiga lile tairi ulilolitundika ukutani, lakini tairi halirudishi pigo. Mchezo huu wa fimbo ulioufunzwa na yule Mfilipino mliyefanya naye kazi Dar es Salaam unataka wawili.

Unakumbuka siku ya kwanza? Uliniambia nikupige begani. Nikainua fimbo kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukaenda wenyewe kushika kiwiko, kama tunavyowapa mkono wakubwa. Ulicheka hadi ukakaa chini. "Wewe mtoto, unanipiga au unanisalimu?" Ulihangaika sana kunizoesha kuuweka mkono ule kifuani, tayari kuzuia. "Heshima yako naijua," ulikuwa ukisema. "Sasa nipige."

Ndege ikipita kuelekea uwanja wa Kanombe tulisimama hivyohivyo, fimbo zimegusana, tukisubiri ngurumo iishe ili nisikie ukihesabu mapigo. Ulinitazama tu, ukitabasamu. Sijui kama nilipata kukuambia jinsi nilivyozipenda ndege zile.

Jana Mama Mdogo alitoka jikoni ameishika fimbo yako. Yeye, aliyetuita vichaa miaka yote! Akafunga kitenge vizuri, akasimama mbele yangu. "Nionyeshe." Nikagonga polepole, juu, chini, kama ninayebisha hodi kwa mgonjwa. Akakasirika.

"Aliyekufa ni mume wangu, si mimi. Gonga!"

Nikagonga. Mti ulilia, Baba Mdogo, na mimi pia. Alipokea vibaya, akaumia kidole, akatukana kwa Kinyarwanda maneno ambayo sikujua anayajua, kisha akacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba. Tukarudia tena, na tena, mpaka kitenge kikamfunguka.

Basi nimeamua. Jumamosi hii, kazi ya umuganda ya kusafisha mtaa ikimalizika, nitawafungulia geti wote. Sitafundisha kama wewe. Nina hasira za haraka na sauti yangu ni ndogo. Lakini nakuahidi kila atakayeingia nitasimama naye ana kwa ana, fimbo kwa fimbo.

Lala salama, baba yangu. Mkeo atakuwa mstari wa mbele, na nimeshamwambia sitamhurumia.

Mwanao,
Aline