Jina, Namba na Cheo

Jumanne, 9 Juni 1953

Ngaruiya amekuja! Kajificha jikoni kwangu hapa Uthiru, amekonda, anakohoa. Tulikuwa kurutu pamoja KAR, jeshi la Mwingereza, tukapigana Burma pamoja. Sasa yuko msituni na Mau Mau, na amechoka. Anataka kujisalimisha ila anaogopa kitanzi. Nimemwambia aache ujinga — mateka wa vita hanyongwi. Si sisi tuliwalinda mateka wa Kitaliano? Walikula nyama kutushinda! Afanye tulivyofundishwa: vaa yunifomu, inua mikono, taja jina, namba na cheo. Basi.

Peres mke wangu kauliza kama nina hakika. Nimemfokea.

Alhamisi, 11 Juni

Amejisalimisha kwa polisi Dagoretti Corner, mchana kweupe. Koti la jeshi, vifungo vyote. Kawaambia yeye ni kapteni wa msituni. Wanasema hakupigwa hata kofi. Leo nitalala.

Jumatatu, 15 Juni

Ameshtakiwa kama jambazi! Kosa la kunyongwa. Nimemwomba Bwana Jaswant, wakili ninayemfanyia kazi ya tarishi mjini, aishike kesi. Amekubali, kisha akanikalisha. Ingekuwa vita, anasema, lile koti lingemkinga. Lakini Serikali haisemi ni vita. Inasema ni uhalifu tu. Kwa hiyo koti ni ushahidi, na kutaja cheo ni kukiri.

"Nani alimshauri hivi?"

Nimechukua barua za kupeleka, nikatoka.

Na mabomu wanayoangusha msituni, je? Hayo si vita? Wametudanganya, wale maofisa. Sheria waliyotufundisha ilikuwa yao wenyewe, si yetu. Nina hasira!

Alhamisi, 2 Julai

Nimempa Bwana Jaswant ujumbe ampelekee Ngaruiya rumande: avue koti, akane cheo. Kakataa. Eti hayo ni maneno ya polisi, mimi Were siwezi kumgeuka.

Ijumaa, 3 Julai

Kortini. Naandikia kwenye ngazi, jaji amekwenda kula. Kila swali Ngaruiya anajibu jina, namba, cheo. Jina, namba, cheo! Mwendesha mashtaka hana kazi ya kufanya.

Alipokuwa akitolewa kaniona kule nyuma. Akasimama wima, akanipigia saluti. Mbele ya askari wote.

Mkono wangu ulianza kupanda wenyewe. Nikaukalia.

Yeye hakushusha wake. Alingoja. Askari wakamvuta, bado ananitazama.

Kengele imelia. Wanaingia —