Neno Nililomsomea Baba Mlangoni mwa Thieta

Machakos,
Jumapili, Agosti 1999

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe, na nalisalimu goti lako la kulia peke yake, maana ndilo linaloamua kila Jumapili kama utafika kanisani au utaombea jikoni. Limeipokeaje baridi ya mwezi huu? Huku ukungu unashuka kutoka vilimani na kukaa juu ya paa za wodi hadi saa nne, ndipo tunaanza kuonana sura. Mimi mwili wangu ni mzima. Wakesho, dada yangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke kitu. Najua ukifika mahali pagumu unakohoa, kisha unaanzia ukurasa unaofuata. Leo usikohoe.

Mama, ujumbe wako nimeupata kwa kondakta. "Nasikia amekatwa. Amekatwa nini, na nani alikubali?" Maswali mawili tu, lakini nimeyabeba wiki nzima kama ndoo mbili. Nitaanza na la kwanza kwa sababu la pili linanitia hofu. Unanijua, mimi huzunguka nyumba yote kabla ya kubisha hodi.

Kwanza kabisa, ile barua yangu ya mwanzo ilisema Baba amefanyiwa operesheni ndogo na anaendelea vyema. Haikuwa ndogo, na haendelei vyema. Niliandika hivyo kwa sababu karatasi ilikuwa fupi na ujasiri wangu ulikuwa mfupi zaidi.

Baba alifika salama Kalama, akamzika rafiki yake wa zamani wa shamba la mkonge, akala na wafiwa, akaja kwangu Jumanne akilalamika tumbo. Mimi nikadhani ni maharagwe ya matanga. Jumatano asubuhi tumbo lilikuwa limefura, ukiligonga kwa kidole linalia kama debe tupu, na hata upepo haukuwa umetoka kwa siku mbili. Nilimpeleka hapa hospitalini ninapofanya kazi. Daktari wa upasuaji akamshika tumbo, akamtazama macho, akasema utumbo mpana umejisokota, kama kamba ya kisimani inavyojifunga yenyewe. Walijaribu kumpitishia mpira kwa chini ili utumbo ujinyooshe. Haukukubali. Daktari akasema, "Kabla ya saa kumi awe juu ya meza."

Sasa lazima nikueleze jambo kuhusu kazi yangu, maana humo ndimo nilimokosea.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni kusukuma troli la wagonjwa kutoka wodi hadi thieta na kulirudisha. Kila asubuhi Sista Mwikali, mkuu wa thieta, huandika kwa chaki kwenye ubao majina ya watakaopasuliwa na aina ya upasuaji. Ni maneno marefu, Mama, maneno ya Wagiriki wa kale, ambao naona walikuwa na muda mwingi. Madaktari huyasema haraka wakipita. Mgonjwa hathubutu kuwauliza. Anamuuliza nani? Anamuuliza yule anayemsukuma. Imekuwa desturi hapa, watu wa Mitaboni wanaambiana na watu wa Kalama: ukilazwa, muulize yule Mtaita wa troli.

Na mimi nilijifundisha. Niliokota kamusi isiyo na jalada ambayo wanafunzi wa uuguzi waliitupa, nikaanza kuyakata maneno hayo silabi kwa silabi, nikiyatamka huku nikipiga deki. La-pa-ro-to-mi. Lapara, kwa Wagiriki, ni ile sehemu laini ya ubavuni, chini ya mbavu. Tomi ni kukata. Basi laparotomi ni kufungua tumbo. Siri yote iko mkiani. Neno likiishia na tomi, wanakata ili kufungua. Likiishia na ektomi, wanakata na kuondoa. Likiishia na rafi, wanashona. Likiishia na stomi, wanaweka mdomo, yaani tundu la kutokea, kwa sababu stoma ni mdomo.

Hata matamshi nilimwibia daktari. Sisi tunakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, laparoTOmi, lakini yeye hukanyaga ya tatu, lapaROtomi, na mkia wote anaumeza. Liko neno moja tu linalokubali kukanyagwa kama letu, peritoNItis, ambalo ni kuoza kwa ule utando unaofunika matumbo, nalo ndilo baya kuliko yote.

Siku hiyo hiyo nilikuwa nimempeleka Mzee Kioko wa Mitaboni, mwenye ngiri. Aliniuliza njiani, "Wee Mutaita, yangu iko na mkia gani?"

"Ni rafi, Mzee."

"Rafi ndiyo kushona?"

"Ndiyo kushona."

"Nesa, nzuri hiyo. Sindano ni kitu ya mama. Ile ingine ni ya muchinjaji." Akafumba macho kama mtu anayepelekwa harusini.

Unaona jinsi sifa zilivyokuwa zimenipanda kichwani. Kwa hiyo zamu ya Baba ilipofika, na Sista Mwikali akaandika laparotomi karibu na jina lake, mimi nilisoma ubao nikapumua. Tomi. Hakuna ektomi, hakuna stomi.

Baba aliletewa fomu ya kukubali. Hakuishika kalamu. Aliniambia, akiwa amelala ubavu na jasho linamtiririka, "Mwakio, usinisomee ya daktari. Nisomee yako. Watanitoa kitu?"

"Hapana, Baba. Wanafungua, wanaunyoosha, wanafunga."

"Na ile ya kutobolewa tumbo, kama yule fundi wa kule Mgange? Aliyekuwa anakaa nje peke yake hadi akafa?"

"Hiyo ina jina lingine. Yako haina mkia huo."

"Unaapa?"

Mama, niliapa. Chini ya lile neno palikuwa na maneno mengine madogo ya kalamu ya daktari: na kuendelea itakavyohitajika. Niliyaona. Nikayapita kwa sababu hayakuwa ya Kigiriki. Baba akatia sahihi, nami nikamsukuma mwenyewe hadi mstari mwekundu ambao viatu vyangu haviruhusiwi kuuvuka.

Nilisimama pale mlangoni. Nilijua dakika zao. Nimesubiri watu wengi. Ya kunyoosha tu haichukui muda. Muda ule ukapita. Nesi mmoja akatoka mbio kuchukua damu, hakunitazama, na yule huwa ananitania kila siku. Kisha daktari mwenyewe akaja mlangoni, barakoa shingoni, mikono ameiinua ili isiguse kitu.

"Nani ndugu wa mzee?"

"Ni mimi."

"Wewe? Wewe si wa troli?"

"Ni baba yangu."

Akasema, "Kipande kimekufa, kama urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Cheusi. Lazima nikitoe. Na nikiunganisha leo hapo palipovimba, pataachia, usaha umwagike ndani, na hapo sina la kufanya. Nataka nimwekee kolostomi. Ukikataa nitajaribu kuunganisha, lakini nakwambia ukweli, sitapenda kuwa wewe."

Kolon ni utumbo mpana. Stomi unaijua sasa. Na kile cha kutolewa ni ektomi. Yote mawili niliyoapa hayatakuwepo yalinijia mlangoni pamoja. Sikuwa na wewe, sikuwa na Baba Mdogo, na simu ya karibu na nyumbani iko dukani kwa watu ambao wangemwita Baba Mdogo baada ya saa nzima. Daktari mikono juu. Nikasema, "Endelea."

Ndilo jibu la swali lako la pili, Mama. Nani alikubali? Nilikubali mimi.

Aliamka kesho yake asubuhi. Kitu cha kwanza alichoniuliza, kwa sauti kama karatasi: "Ilikuwa ile moja tu?" Hapo ndipo ningesema. Nikasema, "Pumzika, Baba." Akapumzika. Siku ya tatu Sista Mwikali alikuja kubadilisha bandeji, akamfunua, na Baba akaona mwenyewe. Hakupiga kelele. Aligeuza uso ukutani. Nilipokuja na maji akaniambia, "Wewe sasa nenda ukawasomee wengine."

Hajanisemesha tena kwa siku nane. Na hali chakula. Hicho ndicho kinachonitisha kuliko ukimya. Dripu wametoa kwa sababu tumbo linafanya kazi, lakini Baba anasema chakula kikiingia kitatokea pale mbele za watu, basi bora kisiingie. Anakunywa chai ya rangi na basi. Mzee Kioko, ambaye kitanda chake kiko kando, amejaribu: "Mzee wa Taita, kula. Mimi nimeshonwa na sina kiburi, wewe umetobolewa unaringa?" Baba alicheka kidogo, niliona bega likitikisika, lakini sahani ilirudi imejaa. Daktari ameniita kando. Anasema kidonda hakitashika bila chakula, na kwa umri wa Baba hatuna wiki nyingine ya kuchezea.

Jana alasiri Baba alizungumza. Alimwambia Sista Mwikali, lakini akihakikisha nasikia: "Mwambie huyo kijana amwandikie mama yake. Asiandike ndogo. Aandike yote. Mama yake aje peke yake, aone. Baada ya hapo nitajua kama nitakula."

Kwa hiyo naandika yote, ili yasikukute kitandani pake. Upande wa kushoto wa tumbo, chini ya kitovu, utaona kitu chekundu, kibichi, chenye unyevu kama ufizi, ukubwa wa limau dogo. Ndio utumbo wenyewe umetolewa nje. Hauumi ukiguswa. Kina mfuko wa plastiki umebandikwa juu yake. Wakati mwingine kitatoa sauti, na hana uwezo wa kukizuia, kwa hiyo usicheke isipokuwa yeye ameanza. Harufu ipo, si kali kama anavyodhani. Daktari anasema akipata nguvu, baada ya miezi kama mitatu, wanaweza kuunganisha na kufunga. Nilimuuliza kama hilo ni hakika. Alisema si hakika, nami naliandika hapa kama alivyolisema.

Mama, yeye hatatazama tumbo lake siku hiyo. Atatazama uso wako. Ukigeuka hata kidogo, ukaziba pua, ukaangalia dirishani, atakuwa amepata jibu lake. Tafadhali, kitazame kitu hicho sasa, hapo ulipo, Wakesho akirudia kifungu hicho mara tatu ikibidi, hadi kikuchoshe. Kisha panda basi la Jumatano asubuhi. Nitakuwa stendi, nimeomba ruhusa. Lete unga wa wimbi wa kwako. Jikoni wamekubali upike wewe mwenyewe.

Nisalimie Baba Mdogo, ambaye najua amekasirika kwamba ndugu hawakuulizwa. Ana haki. Mwambie nitakuja nisimame mbele yake aseme yote, lakini asije naye wiki hii. Msalimie jirani yetu aliyekubali kukulishia mbuzi, na katekista aliyeombea safari ya Baba. Na wewe Wakesho, asante kwa kutokohoa.

Baba amelala sasa, uso bado ukutani. Nimekaa kwenye benchi nyuma yake na sijamwambia chochote, kwa sababu neno lake la kufuata linatoka kwako, si kwangu.

Mwanao aliyekubali,
Mwakio