Wali wa Mbuzi wa Akika

Mama, nimekimbilia Bondeni kutafuta dawa ya mbuzi wa akika. Ubavu wa kushoto umemvimba kama ngoma tangu alfajiri. Daktari wa mifugo kasema kwa simu ni ule wali wa jana, unachacha tumboni na kumjaza hewa. Nilikwambia nyasi tu, ukanijibu mgeni wetu halishwi majani!

Magadi aliyoagiza nimeyayeyusha, yamo kwenye chupa mlangoni. Mnyweshe kidogo kidogo asipaliwe. Usimwache alale.

~~Akizidiwa, mwite jirani Shee amchinje, asife kibudu.~~ Usimwite. Hachinjwi kabla jina la mjukuu wako halijatajwa. Nisubiri, tafadhali.

Wali uliobaki nimeufungia kabatini. Ufunguo nnao mimi.

Mkaza mwanao