Maneno Manne Yenye Jina Moja

Kwa mdogo wangu Selemani,

Shikamoo yako aliyonifikishia mkeo kwa simu nimeipokea, nami naiitikia marahaba. Mguu unaendeleaje? Nasikia umeacha dawa ya kuchua kwa sababu ina harufu. Dawa haikutengenezwa inukie; rudi uitumie. Sisi huku Uingereza tu wazima. Mwanangu Rehema hutoka kazini amechoka, lakini hakosi kunipikia uji. Baridi imeingia mapema na vidole vinakataa kalamu, kwa hiyo usinilaumu kwa mwandiko huu.

Mwambie shemeji kwamba ujumbe wake niliusoma mara tatu ndipo nikauelewa. Ameandika "cjui" akimaanisha sijui. Herufi za Kiswahili hazijaadimika kiasi hicho. Hata hivyo habari yenyewe ni njema: mwanao Athumani amepata mtoto wa kiume, na wazazi wanataka apewe jina langu. Shemeji akaongeza kwamba wewe, babu yake, ukiulizwa unanyamaza, na akika inasubiri kauli yako. Alitaka nikuhimize. Nilikuwa tayari kukuhimiza, tena kwa ukali. Kisha Jumanne likanifika jambo ambalo hadi sasa sijapata usingizi mzuri kwa ajili yake.

Kila Jumanne Rehema hunipeleka maktaba ya mtaa. Pana meza ya wazee, wengi wao wageni kama mimi, tunasoma magazeti na kusaidiana barua za serikali na za hospitali. Jirani yangu hapo ni Mzee Abdi, Msomali aliyeishi Mombasa miaka mingi, kwa hiyo tunaongea Kiswahili na kuwasengenya wengine kwa uhuru. Siku hiyo mama mmoja wa Kipolandi alileta barua ya daktari iliyosema mapafu yake ni "sound". Yeye alilijua neno hilo kwa maana ya mlio tu, akaogopa. Nikamtuliza: hapo maana yake ni mazima, hayana kasoro. Na kwa kuwa mwalimu hastaafu mdomo, nikaendelea na somo langu lile la zamani la Kiingereza.

Unalikumbuka. Hakuna aliyepita darasani kwangu asilikumbuke. Kwamba neno hili lina maana nne, na zote ni matawi ya mti mmoja, nao ni mlio. Chungu kizima ukikigonga hulia vizuri, chenye ufa hakilii. Ndiyo maana mtu mzima wa afya akaitwa hivyo. Mlango wa bahari ukaitwa hivyo kwa sababu ya mawimbi yanayovuma kati ya nchi mbili. Na kupima kina cha maji, ni kwa sababu kipande cha risasi kinachofungwa kwenye kamba ya kupimia hugonga chini kikatoa mlio. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Binti wa maktaba, mpole sana, akasema hilo hajawahi kulisikia, akaenda kuleta kamusi, ile kubwa ya majuzuu mengi.

Selemani, neno lile limeandikwa humo mara nne. Kila moja lina namba yake na asili yake. La mlio limetoka Kilatini kupitia Kifaransa, na mwanzoni halikuwa hata na herufi d mwishoni. Watu waliiongeza vinywani mwao bila sababu, wasomi wakafuata. Herufi niliyowachapia watoto kwa kuisahau, kumbe yenyewe ilijialika. La uzima ni la Kiingereza cha kale, na ndugu yake yupo Ujerumani mpaka leo. La mlango wa bahari limetokana na kuogelea. La kupima kina lililetwa na Wafaransa; wataalamu hawajaafikiana kama lina undugu na hilo la kuogelea, lakini na mlio halina undugu hata kidogo.

Nikasoma tena. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma mara ya tatu. Binti akaniuliza kama nataka maji.

Mzee Abdi akaniinamia. "Mwalimu, umeona jini?"

"Nimeona kosa."

"La nani?"

"Langu."

"Basi kaa vizuri," akasema. "La kwanza huwa linauma."

Akacheka, nami sikuweza kucheka, kwa sababu nilikuwa nakuona wewe umesimama kwenye dawati la tatu, kidato cha pili. Likizo ile ulikuwa umefanya kibarua na wapima bahari waliokuja kupima maji kati ya Masoko na Kisiwani. Ndiwe uliyekuwa ukitupa bildi, ile kamba yenye kipande cha risasi mwishoni. Nilipofika kwenye habari ya risasi kugonga chini, ukanyoosha mkono. "Kaka, pale chini ni tope. Nimetupa wiki tatu, sijasikia kitu."

Darasa likacheka. Nikakwambia humu hamna kaka. Ukasema tena, taratibu: "Basi, Mwalimu, labda ni maneno mbalimbali, yamekutana jina tu."

Hayo ndiyo yaliyoandikwa katika kamusi ile. Uliyasema ukiwa kijana wa miaka kumi na sita, na ushahidi wako ulikuwa mikono yako.

Nikakutoa nje. Nikataka uombe radhi mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima. Ukakataa. Hukunitukana, ulisema tu huwezi kuliombea tope radhi. Nikatamka kwamba asiyekiri kosa halali nyumbani kwangu. Baba alikuwa ameshafariki na mimi ndiye niliyekaa mahali pake. Mwalimu wa Jiografia alinijia mara mbili kukuombea, nikamwambia asiingilie nyumba yangu. Ukaenda Rasbura kwa mjomba, ukajifunza useremala, na shule hukurudi tena. Tangu hapo tumemzika mama pamoja, tumeoza watoto pamoja, na hatukulitaja.

Mwalimu hukosea, hilo najua. Kilichonishtua zaidi kilinijia nikiwa nyumbani, nilipojiuliza somo lile nililisoma wapi. Nimepekua kichwa changu siku tatu. Hakuna kitabu. Mimi, niliyewapunguzia watu alama kwa nukta moja, nililitunga mwenyewe nikalifundisha miaka ishirini na minane.

Nimetafuta lilikotoka, nikalikuta nyumbani kwetu. Mama alimwita kijana wa jirani "baba" kwa kuwa alikuwa na jina la babu, baba yake mama, na kichwa cha samaki kikawekwa kando kwa ajili yake hata sisi tukikosa. Kwetu anayechukua jina lako ni somo yako, na somo ni ndugu, hatuulizi damu. Nikaichukua desturi ya jikoni kwa mama, nikawavisha Waingereza bila kuwauliza. Aliyeniuliza nikamfukuza.

Sijui kimya chako juu ya mtoto kina nini ndani yake. Nilitaka kukuuliza, nikaona sina haki ya kuuliza kabla ya kusema hili: nilikosa, na nakuomba radhi. Tulivyolelewa, mkubwa haombi radhi kwa mdogo. Hutuma kuku au doti ya kanga, watu wakaelewa, yakaisha. Mimi situmi kitu. Barua hii nimeisoma kwa sauti mara mbili nikitafuta udhuru niliojiwekea humo, na nilipoukuta nimeukata.

Kuhusu jina, usikubali kwa sababu mkeo anataka, wala kwa sababu mimi ni mkubwa na niko mbali. Wewe ndiye utakayeliita kila siku, kumwita mtoto chakulani, kumkemea, kumbembeleza. Kama bado ni chungu mdomoni mwako, mpe jina lingine, akika isingoje tena, nami nitamwombea dua ileile. Na ukimpa langu, akikua mweleze kwamba mwenye jina alimfukuza darasani mtu aliyekuwa sahihi, akakaa miaka zaidi ya arobaini bila kufungua kitabu kuhakikisha.

Nisalimie shemeji na mama lishe wenzake pale Nangurukuru. Nisalimie dada yetu Mwanahawa huko Milola, na umuulize kama ufuta umekubali mwaka huu. Nisalimie mjane wa mjomba Rasbura, aliyekupokea wakati mimi nimekufungia mlango. Mkwe wako aliyejifungua mwambie apumzike.

Rehema ataipiga picha barua hii leo aitume kwenye simu ya shemeji, na karatasi yenyewe itafuata kwa posta. Isome peke yako kwanza. Kisha, ukiona inafaa, msomee Athumani, kwa sababu sidhani kama amewahi kuambiwa ni kwa nini baba yake hakumaliza shule.

Ndimi nduguyo mkubwa,
Hamisi