Dawa Isiyo na Mwenyewe

Kaka,

Leo sikuamkii. Shikamoo yako niliizika pamoja na mama, na kama inakuuma, afadhali.

Unakumbuka Mwaloni, pale Kirumba? Mama akianika dagaa, mimi na wewe tukiokota waliodondoka kwenye mitumbwi ya watu. Mwenye mtumbwi mmoja alitufokea, mama akamjibu, "Baba, kilichoanguka hakina mwenyewe. Acha watoto waokote." Ulicheka mpaka ukapaliwa. Nilikupenda sana siku ile.

Ukasoma, ukaenda Ulaya kwenye kampuni ya dawa. Barua zako mama alitaka nimsomee mara mbili mbili. Uliandika kwamba mnafunga dawa kali ya saratani kwenye kibebeo kinachoifikisha kwenye uvimbe wenyewe. Mama akasema, "Kumbe bado anafunga chambo kwenye ndoana, kama enzi za Mwaloni." Kazi yako wewe ni hataza, hati za kumiliki uvumbuzi. Dawa kuukuu ambayo hataza yake imekwisha mnaifunga upya, au mnaiunganisha na nyingine, basi inapata mwenyewe tena kwa miaka mingi. Nami mjinga nikajivunia hilo mtaani kwetu, Nyakato nzima.

Kisha mama akaota uvimbe kwenye titi. Daktari aliandika dawa tatu zitolewe pamoja. "Chungu hakikai kwenye mafiga mawili," alituambia. Mbili zilipatikana. Ya tatu niliitafuta mjini kote, kwenye maduka haya mapya ya soko huria. Mafuta ya kujichubua yamejaa mpaka darini, dawa ya mama haipo. Nikakuandikia.

Ukajibu: "Hiyo ni dawa ya zamani, haina mwenyewe siku hizi. Sisi hatushughuliki nayo. Itafuteni huko huko." Ukaongeza kurasa mbili za kusifu hataza yako mpya. Wala hukuuliza mama anakula nini.

Nakuchukia, kaka. Sisemi ulimuua, saratani haikuhitaji msaada wako. Ila kilichoanguka ulikiruka, wewe uliyekuzwa nacho.

Matanga yamekwisha, usijisumbue kuja. Jambo moja tu ulijue. Asubuhi ile ya mwisho nesi alitoka wodini na karatasi mkononi, akauliza, "Mwenye mgonjwa wa kitanda cha nne ni nani?" Nikageuka nyuma, kwa mazoea ya utotoni, nione kama kaka yangu atajibu. Kisha nikanyoosha mkono.

Ni mimi,
Mwenye mgonjwa