Kadi Nyuma ya Taya la Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 9 Januari

Leo nimepewa kadi ya mkopo. Mimi! Mdaiwa sugu niliyeorodheshwa! Ila mkopo wenyewe ni wa kuchekesha — nimeweka akiba yangu yote benki iwe dhamana, nao wakanipa kadi ya kukopa kiasi kilekile. Yaani najikopesha pesa yangu mwenyewe, halafu wao wanakaa kunitazama kama nitarudisha.

Dada wa mikopo pale benki nimembatiza Bi Asilimia, maana hamalizi sentensi bila kutaja asilimia. Kasema hiyo ndiyo njia ya kusafisha jina lililochafuka. Nisivuke theluthi ya kikomo, nilipe kwa wakati, niache miezi ipite.

Miezi ninayo, lakini si mingi. Daktari wa meno anastaafu mwisho wa Septemba. Maabara nzima — tanuri, meza, mashine ya kusugulia, na wateja — ataniuzia mimi kwanza, kwa kuwa nimemtengenezea meno ya bandia miaka kumi na minne. Nikikosa mkopo wa kuinunua, anamuuzia daktari mwenzake mwenye mafundi wake. Na mimi kwa umri huu nikaombe kazi wapi?

Kadi nimeificha kwenye rafu ya kazini, nyuma ya taya la Mwalimu Mkuu. Ni nakala ya plasta ya meno ya juu ya mteja wetu huyo. Mwenyewe alishafariki, hakuna atakayekuja kuiulizia. Tamaa ikinijia itakutana kwanza na yale meno.

Jumapili, 15 Januari

Mdogo wangu na mkewe wamekuja kula kwetu, kama kila Jumapili. Ninaishi na Mama, kwa hiyo mpishi ni mimi. Mezani mdogo wangu, bwana mkubwa, kanishauri nijifunze kuweka akiba. Eti watu wengi wanakosa nidhamu ya pesa. Nikajikaza kisabuni. Nikamwongezea mchuzi.

Miaka sita iliyopita hakuwa na kazi, nikachukua mkopo kwa jina langu anunue kigari cha mizigo. Alinirudishia miezi mitano. Injini ikafa. Akasema mwezi ujao — na huo mwezi ujao hadi leo haujafika. Nililipa peke yangu, nikachelewa, nikakwama, wakanitangaza. Nilikuja kumaliza na faini juu. Deni limekwisha, doa limebaki.

Mama alinikataza kumkumbusha. Atavunjika moyo, alisema, na yeye ndiye mdogo. Nikanyamaza. Sasa ni mtunza stoo wa kampuni, ana mshahara na shati la kola, na anafundisha watu nidhamu ya pesa.

Ijumaa, 14 Aprili

Mjinga mimi! Mjinga, mjinga, mjinga.

Nimekwenda benki kifua mbele. Miezi mitatu sijaigusa ile kadi hata kwa kidole. Nilijua nitapongezwa. Bi Asilimia kafungua kompyuta, kaniuliza kama huwa nasoma barua zao.

Kumbe kadi ina ada ya mwaka. Waliikata siku ileile ya kwanza, kwenye kadi yenyewe, ikawa deni. Barua zikaja, sikufungua hata moja — deni la nini na sijanunua kitu? Nimechelewa zaidi ya siku sitini. Doa jipya juu ya doa la zamani. Na hata bila hiyo ada, kasema, nisingepata kitu. Asiyekopa hana anachorudisha, watamjuaje?

Ufundi wangu ndio ulioniponza. Plasta ukishaimimina unaiacha. Ukiigusa kabla haijakaza, taya zima limekwenda. Miaka ishirini mikono yangu imefundishwa kuacha kitu kitulie! Nikaifanyia kadi vivyo hivyo. Nikamweleza Bi Asilimia, akacheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa karibu kulia.

Nimelipa ada na faini palepale. Imebaki miezi mitano na nusu.

Jumanne, 2 Mei

Nimenunua nta na plasta kwa kadi. Muuzaji kaipitisha kwenye mashine. Ikakubali. Nimeshika risiti njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani.

Jumatano, 17 Mei

Nimelipa yote, siku tisa kabla ya mwisho. Nimepiga simu kuhakikisha imefika. Halafu nikapiga tena. Kijana wa simu sasa ananijua kwa sauti.

Jumamosi, 24 Juni

Nilikuja na kadi nyumbani, Mama akaiona kwenye pochi. Akauliza, kwa upole wake ule unaoumiza, kama haiwezi kununua godoro. Mgongo haumpi usingizi. Inaweza! Godoro moja tu — lakini linavuka theluthi, nami tayari nina nta ya mwezi huu. Nikamwambia asubiri Oktoba. Akasema sawa, mwanangu, si lazima.

Dawa ya deni ni kulipa, wanasema. Hawasemi anayeinywa ni nani. Leo kainywa Mama, na kosa si lake. Au ni lake kidogo. Najichukia kwa kuandika hivyo, lakini sifuti.

Jumatatu, 28 Agosti

Alama zangu za ukopaji zimepanda! Bi Asilimia kanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Miezi minne, hakuna hata siku moja ya kuchelewa. Kasema mikono yangu inajifunza. Nilitaka kumbusu.

Halafu akavuta pumzi. Nikajua.

Alama zinatosha kuombea, hazitoshi kupewa. Lile doa la gari halijafutika, na lile la ada bado bichi. Kamati itataka mdhamini: mwenye mshahara wa kila mwezi na jina safi kabisa. Fomu ijazwe ndani ya siku kumi, la sivyo mambo hayatawahi Septemba.

Daktari hawezi, ndiye muuzaji. Dada wa mapokezi pale kazini kacheka tu. Naye yumo kwenye orodha, kwa ajili ya friji ya shemeji yake. Nimehesabu ninaowajua wote, nikarudia. Mwenye mshahara na jina safi ni mmoja.

Jina lake ni safi kwa sababu langu ndilo lililochafuka. Nimekaa kwenye benchi nje ya benki, nikacheka peke yangu. Mlinzi akaja kuuliza kama naumwa.

Jumamosi, 2 Septemba

Nimemweleza Mama. Kakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. Mwisho kasema nimwombe vizuri, nisianze na mambo ya zamani.

Nina miaka arobaini na saba na bado naambiwa nimwombe vizuri.

Jumapili, 3 Septemba

Naandika jikoni. Wao wako barazani, dirisha liko wazi.

Nilingoja wamalize kula. Nikatoa fomu, nikaeleza maabara, tanuri, Daktari, Septemba. Nilimwomba vizuri. Lile gari sikulitaja. Mdogo wangu akavaa miwani, akasoma kama wanavyosoma watunza stoo, kidole kinafuata mistari. Ukurasa wa tatu kidole kikasimama.

“Dada, kwa hiyo wewe ukishindwa kulipa, jina litakaloharibika ni langu?”

Mama akashusha kikombe. Mimi nikasema, “Ndiyo. Ndivyo inavyokuwa.”

Nilimtazama usoni. Nilidhani sasa atakumbuka. Hakukumbuka! Kakunja uso kwa huruma, kasema ananipenda, ila hili si jambo la kukurupuka, mtu lazima alinde jina lake. Kaomba kwanza azungumze na mkewe. Wakatoka na fomu. Mama akanifuata huku jikoni.

Nawasikia. Wifi anauliza riba, anauliza miaka mingapi. Yeye anajibu kitaalamu. Kasema dada ni mtu mzuri ila kwenye pesa hana bahati, aliwahi kuingia kwenye orodha ya wadaiwa sugu.

Naandika haraka, mwandiko huu sijui nitausoma vipi kesho. Nimesimama nitoke nikamwambie. Mama kanishika mkono wa gauni. Nimekaa tena. Mbona nimekaa tena?

Wifi kauliza dada aliingiaje kwenye orodha. Alikopa nini?

Gari, kajibu. Kwa sauti ndogo.

“Gari gani? Dada yako amewahi kuwa na gari?”



Mama anakoroga sufuria ambayo moto wake niliuzima kabla hatujala. Mkono wangu wa gauni bado ameushika kwa mkono mwingine. Barazani kiti kimesogezwa. Mdogo wangu bado hajajibu.